Marehemu wa Basi la Pernik

Zornitsa alikuwa na kila sababu ya kujua kwamba yu hai. Asubuhi ile alikuwa ameoga maji ya baridi kwa sababu mtaa mzima ulikatiwa maji ya moto, ameunguza ulimi kwa kahawa ya mashine, na viatu vyake vya ofisini, ambavyo havikutoka kabatini miaka miwili, vilikuwa vimeanza kumtafuna kisigino kabla hajafika kituoni. Kwa hiyo mlango wa basi ulipofunguka na dereva, Mzee Krum, akamtazama, akaachia usukani, akapiga ishara ya msalaba mara tatu mfululizo, Zornitsa aligeuka nyuma kuona ni nani huyo anayeogopwa namna ile. Nyuma yake palikuwa na ukungu tu na kibanda cha magazeti kilichofungwa.

Kilichomtoa nyumbani siku hiyo hakikuwa kazi, hata kama ndivyo alivyowaambia watu. Miaka miwili nyuma, kampuni ya bima aliyoifanyia kazi mjini Sofia ilimpa kila mfanyakazi kompyuta, ikamwambia abaki kwake kwa muda. Muda huo haukwisha. Safari ya Zornitsa ya kwenda kazini ikawa kutoka kitandani hadi meza ya jikoni, na mwezi wa kwanza alifurahi kama aliyetolewa jela. Alilala mpaka jua lichomoze. Kisha miguu ikaanza kumwasha. Akawa anatoka saa nne kununua mkate, saa saba anatoka tena kununua mtindi aliokuwa nao tayari, jioni anazunguka ghorofa lao akijifanya anatafuta paka wa jirani. Jumamosi alikwenda makaburini kwa mama yake. Ukijumlisha, alikuwa anatembea zaidi kuliko zamani, ila hakuna alikokuwa anakwenda.

Na kwenye kutangatanga huko kote hakumwona mtu aliyetaka kumwona. Mtu huyo alikuwa mwanamume wa kiti cha pili.

Kwa miaka mingi walikaa pamoja, Zornitsa dirishani, yeye upande wa njia, kutoka mji wao wa Pernik hadi Sofia. Majira ya baridi alimenya machungwa madogo akampa nusu. Zornitsa alimkatia kipande cha banitsa, ile mikate ya jibini ambayo mama yake aliioka kila Jumapili. Walizungumza habari za theluji ya mlima Vitosha, za wakubwa wao wa kazi, za ndoto walizoota. Siku moja Zornitsa alisinzia, akamlalia begani, na mwanamume yule akapitiliza kituo chake ili asimwamshe. Lakini jina lake hakulijua. Wiki ya kwanza hawakuulizana, kila mmoja akamwita mwenzake "jirani", na baadaye ikawa aibu kuuliza. Mtu uliyemlalia begani, utaanzaje kumuuliza anaitwa nani?

Alipoacha kusafiri hakuaga. Nani huaga basi? Alidhani ni wiki mbili tu. Wiki hiyohiyo mama yake akafariki, na msiba ukammeza. Ulipomtema, kila Jumapili usiku aliapa kwamba kesho atapanda basi akamsalimie tu, na kila Jumatatu akapata kisingizio. Aliogopa atakuta amehama. Aliogopa zaidi atakuta dirishani kwake kumekaa mwanamke mwingine, anakula machungwa. Mwishowe alipiga moyo konde, akampigia mkuu wake, Iliana, akamwambia anataka kuja ofisini aonane na wenzake uso kwa uso.

"Uso kwa uso na nani, dada?" Iliana alicheka. "Ofisini kuna mlinzi na ua lililokauka."

"Basi nitamsalimia mlinzi."

Ndivyo alivyojikuta kwenye ngazi ya basi asubuhi ile, akitafuta kwa macho kiti cha pili, huku dereva akipiga misalaba.

"Habari za asubuhi, Mzee Krum," alisema.

"Mama yangu," alijibu Mzee Krum kwa sauti ya mtoto. "Inaongea."

Kutoka viti vya kati ulipigwa ukelele uliotikisa vioo. Aliyeupiga ni Stanka, mwanamke wa makamo anayefua mashuka hospitalini, ambaye sauti yake basi zima liliijua hata lilipokuwa limesinzia. Alisimama, kifungua kinywa chake kikamwagika kitini, akashikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Mungu akusamehe! Mungu akulaze pema! Tumekukosea nini? Si tulikupikia ngano?"

"Ngano gani?" aliuliza Zornitsa.

"Ya arobaini! Na ya nusu mwaka! Na ya mwaka, niliiwekea na zabibu kavu!"

Zornitsa alipigwa na butwaa. Kwao ngano ya kuchemshwa na sukari hugawiwa kwa ajili ya maiti, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeifanyia mzaha. Akatazama abiria wengine. Hawakuwa wengi; siku hizi nusu ya basi ilikuwa inafanyia kazi sebuleni kwake. Lakini waliokuwepo walikuwa wale wale wa zamani, anawajua kwa makoti, na kila mmoja alikuwa amejibana kwenye kiti akimtazama kama anayetazama nyumba inayoungua.

Kisha akakiona kiti chake. Kilikuwa kitupu. Juu ya dirisha, kwenye kijiti cha pazia, palifungwa utepe mweusi uliopauka kwa jua, fundo limekazwa vizuri.

"Huo ni wa nani?" aliuliza, ingawa alishaanza kujua.

"Wako," alisema Mzee Krum. "Haki ya Mungu, wako."

Stanka ndiye aliyekuwa na moyo wa kusogea. Alikuja pole pole, akanyoosha kidole, akamgusa Zornitsa shavuni, kisha akambana mkono kwa nguvu zote za mfua mashuka.

"Aaa! Unaniumiza!"

"Ana joto," Stanka aliwatangazia wengine. "Jamani, ana joto!"

"Mbane tena tuhakikishe," alisema Mzee Krum.

"Jaribu kunibana wewe uone nitakavyokubana shingo!" Zornitsa alifoka, na hapo ndipo wengi walipoamini. "Nani amewaambia nimekufa?"

"Wewe mwenyewe!" Stanka naye alipandisha. "Picha yako ilikuwa pale pale kituoni, kwenye kioo, na mpaka mweusi kuizunguka! Nywele hizo hizo, shingo hiyo hiyo ndefu, na namna hiyo ya kutazama watu kama wanakudai. Leo hupo kituoni, kesho hupo, keshokutwa tunaiona tanzia. Tungefikiri nini, umekwenda harusini?"

Zornitsa alishika chuma cha kiti asije akaanguka. Ile tanzia aliibandika yeye, kwa mkono wake.

Mama yake, Tsvetanka, alikuwa mwanamke wa kujipenda mpaka pumzi ya mwisho. Akiwa kitandani hospitalini alimshika binti yake mkono, akamwapisha: usije ukanitundika kwenye nguzo za Pernik nikiwa kizee, na usithubutu kuandika umri wangu. Utaweka ile picha ya harusi ya binamu yangu. Kwenye picha hiyo Tsvetanka alikuwa na miaka arobaini na kitu, na mtu yeyote aliyemwona Zornitsa angedhani ni yeye. Zornitsa hakulifikiria hilo hata kidogo, maana machoni pake picha ilikuwa ya mama. Alichapisha tanzia bila mwaka, chini akaandika "Kutoka kwa binti yake mwenye huzuni", akabandika moja mlangoni mwa ghorofa lao na nyingine pale kituoni. Na jina lililoandikwa halikumsaidia mtu, kwa sababu ndani ya basi hakuna aliyekuwa na jina la kulilinganisha nalo. Walimjua kwa sura na kwa kiti.

"Yule alikuwa mama yangu," alisema.

Stanka alifunika mdomo. Mzee Krum akavua kofia, kisha akaonekana hajui avue kwa ajili ya nani, akaivaa tena.

"Pole, mwanangu," alisema. "Na hongera. Sijui niseme nini."

Gari lililokuwa nyuma likapiga honi. Mzee Krum akafunga mlango, basi likaondoka. Zornitsa hakukaa. Swali lililomleta sasa liliambatana na hofu nyingine: kwamba mtu yule amemlilia bure miaka miwili, na kwamba ameshamaliza kumlilia.

"Na jirani yangu?" aliuliza. "Yule aliyekuwa anakaa hapa?"

Stanka akamshika bega.

"Maskini ya Mungu, yule ndiye aliyekuzika. Sisi tulikuwa kazini, yeye akaomba ruhusa akaenda mazishini na maua. Jumatatu tukamuuliza, vipi? Akasema amezikwa vizuri, watu walikuwa wengi. Basi. Tangu siku hiyo anakaa hapo upande wa njia, na dirishani hamkalishi mtu. Anapanda kituo kijacho, pale kiwandani. Yesu wangu, anapanda kituo kijacho! Ana shinikizo la damu yule! Inama chini!"

"Niiname?"

"Inama, akikuona moyo utamsimama! Krum, ukifika usifungue mlango kwa ghafla!"

Lakini Zornitsa alikuwa amebaki palepale, ameganda, kwa sababu akili yake ilikuwa makaburini. Kwao jeneza huwa wazi. Watu hupanga mstari, humwangalia marehemu usoni, humwekea maua miguuni. Na ndani ya jeneza lile alikuwa amelala mwanamke mzee mwenye nywele nyeupe, pembeni yake amesimama binti yake, hai, analia kwa sauti. Mtu yeyote aliyefika pale aliona. Mtu yeyote aliyefika pale alijua.

Basi lilisimama. Abiria walijipanga kumkinga Zornitsa kama ukuta, na mwanamume mwembamba mwenye koti la kijivu akapanda, amepungua kidogo, na nywele zimemwacha mbele. Alikuwa ameshika mfuko wa machungwa.

"Habari za asubuhi," alisema. "Mbona mmesimama?"

"Keti kwanza," Stanka alimwambia kwa upole ambao haukuwa wake. "Vuta pumzi. Kuna jambo la ajabu, lakini si baya. Umemeza dawa zako?"

Mwanamume akachungulia juu ya bega la Stanka. Macho yake yakakutana na ya Zornitsa. Hakupiga msalaba. Hakupiga ukelele. Alivua kofia yake ya sufu, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Umekawia, jirani," alisema.

Stanka, ambaye ni mwepesi wa kukasirika na mwepesi zaidi wa kuelewa, akageuza kichwa pole pole.

"Wewe," alisema. "Mbona hushtuki?"

Akautazama mfuko wake wa machungwa.

"Nimekuuliza, baba, mbona hushtuki? Mimi nimemwaga chakula, Krum nusura azirai, wewe unasema amekawia? Ulijua!"

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mazishini."

Basi lililipuka. Kila mtu alisema lake kwa wakati mmoja. Kutoka nyuma mtu alisema yeye alimwashia mishumaa kanisani, mwingine kwamba alimwota. Stanka alikuwa anapiga kiti kwa kiganja: "Nirudishie ngano yangu! Nirudishie zabibu zangu!" Mzee Krum alikuwa anaendesha huku anatazama kwenye kioo cha juu, na basi lilikuwa linayumba.

Zornitsa peke yake hakupiga kelele. "Ulikuja kunizika," alisema, "ukaniona nimesimama, ukaondoka?"

"Nilikuja na maua yangu, nimekesha nikilia," alisema mwanamume. "Nikafika kwenye jeneza, nikaona bibi. Nikainua macho, nikakuona wewe. Nilitaka kucheka, jirani, mbele ya padri! Nikayaweka maua miguuni kwa mama yako nikatoka mbio nisije nikapigwa. Ningekuambia nini? Pole kwa msiba, nilidhani ni wewe?"

"Na sisi?" Stanka alifoka. "Sisi ungetuambia nini?"

"Niliingia humu Jumatatu nimeshafungua mdomo niwaambieni. Nikakuta umeshafunga utepe. Hapo hapo akapanda jamaa mmoja mnene na mkoba wake, akataka kukaa dirishani, na wewe Stanka ukamfokea mpaka akashuka kabla ya kituo chake. Nikawaza: nikisema yu hai, bila shaka amebakizwa nyumbani na kompyuta kama wengine, kiti kitakaliwa leo hii. Kina Boris wa viti vya nyuma walipobakizwa nyumbani, nani aliwawekea kiti? Hakuna. Nikafunga mdomo." Akauangalia utepe. "Nilidhani utarudi baada ya wiki mbili. Halafu ikawa arobaini, na ngano imeshapikwa."

Zornitsa alihisi uso unamwaka. Hakujua kama ni hasira au ni kitu kingine, na alichukia kutojua. Amelaliwa matanga, ameombewa na watu wasiomjua, kwa sababu mtu huyu hakutaka jamaa mwenye mkoba akae dirishani.

"Basi mmalizie na lile jingine," Mzee Krum alisema kutoka mbele.

"Krum, endesha gari."

"Naendesha. Mwambie, Lyuben, au nitamwambia mimi."

Ndipo Zornitsa alipojua kwamba anaitwa Lyuben.

"Mnamwona huyu?" Mzee Krum hakungoja. "Mnadhani anakwenda kazini? Hana pa kwenda huyu! Ofisi yake ilifungwa milango tangu masika ya mwaka jana, meza zimeuzwa, wote wamerudishwa majumbani kama nyinyi mabwana wa kompyuta. Anashuka Sofia kituo cha mwisho, anakunywa kahawa kibandani na mimi, anapanda hili hili basi, anarudi Pernik kuanza kazi jikoni kwake. Kila siku! Theluji, mvua, kila siku! Aliniapisha nisiseme."

Stanka alirudi akakaa taratibu juu ya chakula chake kilichomwagika na hakutambua.

Zornitsa alimtazama Lyuben. Alimwona anapanda basi gizani, anakaa upande wa njia, anakwenda mji ambao hana kazi nao, anageuza. Mwaka mzima na zaidi. Alijaribu kulifikiria jambo hilo lote likamshinda, na kilichomtoka kilikuwa ukali.

"Una wazimu! Ungeshuka kituoni kwangu! Ungeuliza! Ungebisha milango!"

"Nilishuka, mara mbili. Maghorofa yenu yote yamefanana, jina lako sikulijua, na lile la kwenye tanzia sikulishika kwa kilio. Ningemuuliza nani, kuhusu nani?"

"Kwa hiyo ukaona bora ukae humu kama mjinga, uzunguke, mwaka mzima?"

"Ndiyo," alisema Lyuben. Hakuinua sauti. "Mimi sikujua pa kukupata, jirani. Wewe ulijua. Nilikuwa hapa hapa, kila asubuhi, kando ya dirisha lako."

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimpiga Zornitsa zaidi kuliko utepe, kuliko ngano, kuliko kidole cha Stanka shavuni. Ilikuwa ni kushuka ngazi tu. Asubuhi zile zote alizokaa jikoni akijihurumia, akisikia basi linafunga breki pale chini na kuondoka, mtu huyu alikuwa analingoja kituo kimoja mbele. Mara ngapi alilisikia? Kila siku alilisikia. Machozi yalimtoka mbele ya watu wote, na hakuyafuta.

"Kaa chini, mwanangu," Stanka alisema akirudi mbele. Alipanda juu ya kiti na viatu vyake, akalikata lile fundo la utepe kwa meno, akautia mfukoni. "Kaa. Usipokaa wewe, haki ya Mungu nakaa mimi."

Zornitsa akakaa dirishani. Lyuben akakaa upande wa njia. Akamenya chungwa, akampa nusu, na kutoka hapo hadi Sofia basi zima lilikuwa linawatazama.

Kituo cha mwisho watu walishuka mmoja mmoja, wakimgusa bega Zornitsa wanapopita, wengine kwa upendo, wengine kwa kuhakikisha. Stanka alikuwa wa mwisho. Alimwambia Lyuben kwamba hatamsamehe kabla ya Pasaka, kisha akambusu kwenye paji la uso akaenda zake. Mzee Krum alizima injini, akashuka kwenda kibandani, na kwa mara ya kwanza hakumwita Lyuben kunywa kahawa.

Simu ya Zornitsa iliita. Alikuwa ni Iliana.

"Umeshafika mjini? Nimemwambia mlinzi akufungulie."

Zornitsa alitazama nje, mlangoni, ambako abiria wa kwenda Pernik walikuwa wameanza kukusanyika. Hakunyanyuka.

"Iliana, nisamehe," alisema. "Leo nafanyia kazi nyumbani."

"Nyumbani? Si ulisema unakuja na basi?"

"Nipo kwenye basi," alisema Zornitsa. Akakata simu, akamgeukia Lyuben, akamwambia jina lake.